Joto halipotei, lahama: mwongozo kamili wa kufuata hesabu ya nishati nyumbani

Februari moja, kaskazi ikiwa imelegea na Mji wa Kale wa Mombasa hauna hata kijipepo, niliitwa na mama aliyekuwa ameacha mlango wa friji wazi tangu asubuhi ili apoze sebule. "Mwanangu," akaniambia, "hiki kitu chanichezea. Mbele chatoa baridi, na chumba chazidi fukuto." Nikamjibu, "Mama, friji yako ni nzima, yafanya kazi yake barabara." Nilitoa themomita mbili. Moja niliiweka mbele ya mlango, ya pili nikaiegemeza nyuma, kwenye yale mabomba membamba meusi. Ya mbele ilisoma nyuzi 19. Ya nyuma ilisoma 51. Alizitazama zote mbili, kisha akaufunga mlango kwa mkono wake.

Mimi ni fundi wa friji na AC, na nimewafunza vijana wengi kazi hii. Wengi wanaokuja karakana wanajua kujaza gesi na kuchomelea bomba. Swali linalowashinda ni moja: joto lililotolewa ndani limekwenda wapi? Fundi asiyeweza kulijibu hubadilisha vipuri kwa kubahatisha, na anayelipa ni mteja. Kwa hiyo siku za mwanzo siwapi spana. Nawapa daftari, tunafuata nishati kama karani anavyofuata pesa. Mwongozo huu ni hayo masomo, na unaweza kuyafanya jikoni kwako.

Sheria zenyewe za nishati ni chache. Ya kwanza: nishati haiumbwi wala haiangamizwi, hubadilika sura au huhama. Ya pili: joto likiachwa lenyewe hutoka penye moto kwenda penye baridi, na ukitaka lirudi kinyume lazima ulipe kwa kazi. Ipo pia inayoitwa sheria ya sifuri, isemayo kwamba vitu viwili ambavyo kila kimoja kimelingana halijoto na kitu cha tatu, navyo vimelingana vyenyewe kwa vyenyewe; bila hiyo themomita isingekuwa na maana, kwani inayosomwa ni halijoto ya themomita yenyewe baada ya kulingana na kitu kinachopimwa. Ya tatu inahusu sifuri kabisa, nyuzi 273.15 chini ya sifuri ya Selsiasi, mahali pasipofikika kwa hatua zozote zenye kikomo. Hiyo tuiache. Jikoni hatutaihitaji, ila kipimo cha Kelvini kinachoanzia hapo tutakitumia tukifika kwenye friji.

Vifaa: themomita ya jikoni inayofika nyuzi 110, mizani ya gramu, saa ya simu, daftari, na mita yako ya tokeni.

Hatua ya kwanza: chora mpaka

Kabla ya kupima chochote, amua unahesabu nini. Chora duara kwenye daftari na uandike kilichomo ndani: maji peke yake? Maji pamoja na birika? Chumba kizima? Kosa la yule mama lilikuwa hapa. Alichora mpaka mbele ya mlango wa friji, palipokuwa na baridi, na mgongo wa friji ukabaki nje ya hesabu. Mpaka wake ulipaswa kuwa kuta za sebule. Ndani ya kuta hizo, kitu kimoja tu kilikuwa kinaingia: stima kupitia waya. Ikiingia na isitoke, chumba kitapata joto, hata ndani yake pawe na friji, feni au redio.

Ukishachora, andika mistari mitatu: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki ndani. Kilichoingia ukitoa kilichotoka, sharti kilingane na kilichobaki. Kisipolingana, kuna njia hujaiona. Sheria ya kwanza haijawahi kukosea.

Hatua ya pili: birika la stima

Hili ndilo jaribio bora la kuanzia kwa sababu kila kitu kinapimika.

Pima lita moja ya maji, yaani kilo moja, uyatie kwenye birika. Soma halijoto. Maji ya bomba hapa Mombasa mara nyingi yako karibu na nyuzi 28. Yakitoka tangi jeusi la juu ya paa saa nane mchana yatazidi. Kupandisha kilo moja ya maji kwa nyuzi moja kunahitaji takriban kilojouli 4.2 (kilojouli ni kipimo cha nishati). Kutoka 28 hadi 100 ni nyuzi 72, kwa hiyo maji yanahitaji kilojouli 302.

Sasa stima. Wengi husoma lebo ya birika, wati 2,000, wakazidisha na sekunde. Usifanye hivyo. Lebo inadhani umeme ni volti 240, na jioni watu wote wanapopika huenda ukashuka. Ukishuka hadi 220, nguvu ya birika haishuki kwa sehemu ndogo kama unavyodhani: inafuata mraba wa volti, hivyo wati 2,000 zinakuwa kama 1,680. Afadhali uiulize mita. Mita nyingi zina kitaa chekundu kinachomweka, na pembeni yake pameandikwa idadi ya mimweko kwa kila kilowati-saa, kwa mfano 1000 imp/kWh. Kilowati-saa moja, ile tunayoiita yuniti, ni kilojouli 3,600. Kwa mita ya namna hiyo kila mmweko ni kilojouli 3.6. Zima vitu vyote nyumbani, hata friji kwa dakika hizo, washa birika, uhesabu. Kama mita iko nje, mtume kijana asimame nayo.

Birika la karakana yangu lilihesabu mimweko 101 hadi maji yakachemka na swichi ikaruka. Hiyo ni kilojouli 364. Maji yalichukua 302. Zimebaki 62, na hapa ndipo ninapowakazia vijana: hakuna kusema "zimepotea". Nenda kazitafute.

Tulipima birika kabla na baada. Lilipungua gramu 12, ambazo zilitoka kama mvuke. Kugeuza gramu moja ya maji kuwa mvuke kwenye nyuzi 100 kunakula kilojouli 2.26, kwa hiyo mvuke ulitoka na 27. Chuma cha birika, kama gramu 600, kilipanda nyuzi 65 hivi. Chuma hakina njaa ya joto kama maji, kinataka karibu nusu kilojouli kwa kilo kwa kila nyuzi, kwa hiyo kilimeza kama 20. Jumla 47. Zilizobaki 15 ziliingia hewani kupitia ubavu wa birika, na ukiuweka mkono karibu nalo utazihisi. Daftari limelingana. Kijana aliyefanya hesabu ile siku ya kwanza aliirudia mara tatu bila kuambiwa, na mimi nikajua huyu atakuwa fundi.

Watu walifika kwenye sheria hii kwa njia ya jasho na vipimo. James Prescott Joule, aliyetoka familia ya wapika bia karibu na Manchester, aliangusha mizigo ya uzito unaojulikana ili izungushe makasia ndani ya maji, kisha akapima jinsi maji yalivyopata joto. Matokeo yake makuu aliyatoa mwaka 1850. Lakini anayenigusa mimi mtu wa bandari ni daktari Mjerumani, Julius Robert Mayer. Mwaka 1840 meli yake ilitia nanga Surabaya, kisiwani Java, nchi ya joto kama hii yetu. Alipowatoa damu mabaharia kwa matibabu, damu ya vena, ile inayorudi moyoni, ilikuwa nyekundu mno, akadhani kwa makosa amekata ateri, mshipa unaotoa damu moyoni. Akatafakari: katika joto la namna hii mwili hauhitaji kuunguza chakula kingi ili ubaki na joto lake, kwa hiyo damu inarudi ikiwa bado na hewa safi nyingi. Kutoka hapo akaanza kuuona mwili, chakula, kazi na joto kama kurasa za daftari moja, na mwaka 1842 akachapisha.

Hatua ya tatu: seredani

Fanya hili uani, kamwe si chumbani. Makaa yanayowaka hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na imeua watu waliolala nayo.

Pima makaa kabla ya kuwasha. Chemsha lita mbili. Maji yakichemka, ondoa sufuria, yafunike makaa kwa kifuniko kizito yakose hewa hadi yazimike. Usiyamwagie maji, yatakuwa mazito na vipimo vitaharibika. Pima yaliyobaki. Kilo ya makaa makavu ina takriban megajouli 30, yaani kilojouli 30,000. Tuseme umetumia gramu 150: hizo ni kilojouli 4,500. Maji yalipata 605. Asilimia 13 tu.

Zilizobaki zilikwenda wapi? Sogeza mkono ubavuni mwa seredani ya bati na utapata jibu bila themomita. Bati linatupa joto pande zote, hewa moto inapita ubavuni mwa sufuria na kupaa, na sehemu imebaki kwenye majivu. Ndiyo sababu jiko lenye udongo ndani, lililoenea Kenya kuanzia miaka ya 1980, linaokoa makaa: udongo hauongezi hata jouli moja, unaziba tu njia ya kutokea. Rudia jaribio huku ukiwa umekinga upepo kwa bati na kufunika sufuria. Hutaamini tofauti mpaka uione kwenye mizani yako.

Ukiwa na gesi, pima mtungi wake vivyo hivyo. Kilo ya gesi ya kupikia ina kama megajouli 46.

Hatua ya nne: gudulia, na kwa nini Mombasa hulizidi nguvu

Gudulia la maji ni mashine ya kupoza isiyo na waya. Maji hupenya udongo, hufika nje, na yakivuka hewani huchukua joto kutoka kwa yale yaliyobaki. Katika halijoto yetu kila gramu inayovuka huchukua karibu kilojouli 2.4. Pima gudulia lenye lita tano usiku, ulipime tena alfajiri. Likipungua gramu 50, joto lililotoka ni kilojouli 120, na hilo lingetosha kushusha lita tano kwa karibu nyuzi sita, kama hakuna joto lingine linaloingia kutoka hewani. Lakini linaingia. Themomita itakuonyesha nyuzi tatu au nne, na tofauti hiyo ndiyo kipimo cha joto lililorudi.

Watu huniuliza mbona gudulia la bibi kule Voi, bara kwenye hewa kavu, lilikuwa na maji baridi kweli, na hili la hapa lapoza kidogo tu. Udongo si tatizo. Funga kitambaa cha pamba kilicholoa kwenye ncha ya themomita, uipungie hewa dakika tatu, usome. Hapo ndipo mwisho wa gudulia. Haliwezi kwenda chini zaidi. Hewa ikiwa nyuzi 30 na unyevu asilimia 75, mwisho huo uko karibu na nyuzi 26. Kwa hewa ya nyuzi zile zile lakini unyevu asilimia 40, unashuka hadi 20 hivi. Hewa ya pwani imeshashiba maji, haina nafasi ya kupokea mengine kwa haraka. Basi weka gudulia dirishani panapopita upepo wa usiku, kivulini, juu ya mbao badala ya sakafu. Na jasho letu lina shida ile ile: linatiririka badala ya kuvuka, na jasho linalotiririka halipozi mwili.

Hatua ya tano: uliza "kuelekea wapi?"

Hadi hapa tumeuliza kiasi gani. Sheria ya kwanza haina neno zaidi la kusema. Chukua maji ya kuoga: ndoo ya lita kumi kwa nyuzi 28, ukamimina lita mbili zilizochemka. Hesabu inakupa nyuzi 40, na themomita itakubali, ikipungua kidogo kwa ndoo. Sasa jiulize: kwa nini ndoo ile ikiachwa haijigawi tena, lita mbili zikachemka na kumi zikapoa? Nishati ingelingana kabisa. Sheria ya kwanza ingeruhusu. Haijawahi kutokea kwa sababu ya sheria ya pili.

Sadi Carnot, mhandisi Mfaransa, aliigusa mwaka 1824 alipokuwa akitafuta kikomo cha injini za mvuke. Rudolf Clausius, mwanafizikia Mjerumani, aliiweka sawa, na mwaka 1865 akakipa jina entropia kile kinachoongezeka kila joto linaposambaa. Mimi huieleza hivi: kilojouli 302 za maji yanayochemka zinaweza kuinua kifuniko, kupika chai, kuzungusha kitu. Kilojouli zile zile zikishasambaa kwenye hewa ya chumba zipo zote, hakuna iliyokosekana, lakini huwezi tena kuzikusanya zikufanyie kazi. Kiasi kimebaki, ubora umeshuka.

Ndiyo maana pia mitambo ya Kipevu haiwezi kugeuza mafuta yote kuwa stima. Injini kubwa za dizeli hutoa kama asilimia 40 hadi 45. Sehemu kubwa ya joto lililobaki hutoka na moshi na maji ya kupoza. Fundi bingwa akipewa mtambo huo ataongeza kidogo, lakini hatafika mia moja, wala hata karibu. Injini ya joto lazima iwe na mahali pa baridi pa kutupia, na inachotupa hakirudi.

Hatua ya sita: friji

Friji haitengenezi baridi. Inachota joto ndani na kulimwaga nje, kama mtu anayechota maji kisimani: maji hayapandi yenyewe, mkono unalipa. Tuseme kompresa, ile pampu ya friji, inatumia wati 120 na inachota wati 240 kutoka ndani. Mgongoni zinatoka 360, zote mbili kwa pamoja. Mlango ukiwa wazi, 240 zinachotwa sebuleni na 360 zinarudishwa sebuleni. Yule mama alikuwa amejiwekea hita ya wati 120. AC hufaulu kwa sababu moja tu: mgongo wake uko nje ya ukuta.

Sasa kipimo cha Kelvini. Ongeza 273 kwenye nyuzi za Selsiasi. Kikomo cha friji yoyote, hata ile itakayoundwa kesho, ni halijoto ya ndani kwa Kelvini, gawanya kwa tofauti kati ya nje na ndani. Friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri ni 255. Mabomba ya nyuma yakiwa nyuzi 45, yaani 318, tofauti ni 63, na kikomo ni 4: kila jouli ya stima ichote nne. Friji halisi hupata nusu yake au chini. Lakini sukuma friji ile ukutani, ijae vumbi mgongoni, mabomba yafike nyuzi 55. Tofauti inakuwa 73 na kikomo kinashuka hadi 3.5. Umepoteza zaidi ya sehemu moja ya nane bila kitu kuharibika. Kwa hiyo, kabla hujamwita fundi: vuta friji iache nafasi ya kiganja kutoka ukutani, pangusa vumbi nyuma, kisha pima mabomba leo na kesho. Wito wangu mwingi huishia hapo, na sitozi bei ya gesi kwa kazi ya kitambaa.

Hatua ya saba: kasha la samaki

Mchuuzi mmoja wa Likoni alilalamika kwamba barafu inamla faida. Nikakaa naye tukahesabu. Kilo 10 za samaki, kutoka nyuzi 28 hadi 0. Samaki anahitaji kama kilojouli 3.6 kwa kilo kwa kila nyuzi, jumla karibu 1,000. Kilo moja ya barafu ikiyeyuka hunyonya 334. Kwa hiyo kilo tatu zinatosha kumpoza samaki. Yeye alikuwa anatia kumi, na asubuhi hakuna kitu.

Kilo saba zilikuwa zinapoza nini? Kasha lake la povu jeupe lina eneo la kama mita moja ya mraba na unene wa sentimita tatu. Kwa tofauti ya nyuzi 28, joto linalopenya ni wati 33 hivi. Unaona ni kidogo, si hata balbu ya zamani. Zidisha kwa saa 12: kilojouli 1,400, sawa na kilo nne na ushei za barafu. Kilo tatu za mwisho ziliyeyuka njiani toka zilikonunuliwa, na kila kifuniko kilipofunguliwa kwa mnunuzi. Tukatafuta kasha la pili kubwa zaidi, tukaliingiza la kwanza ndani yake. Unene ukiwa maradufu, joto linalopenya huwa nusu, na kilo mbili za barafu zabaki mfukoni kila usiku.

Hatua ya nane: pima ahadi za wauzaji

Mteja wangu wa Bombolulu alinunua kisanduku cha kuchomeka ukutani kilichoahidi kupunguza bili nusu. Kijana mwingine, mwerevu, alitoa akiba ya miezi kuchangia "jenereta isiyotumia mafuta": mota inayozungusha jenereta inayolisha mota ile ile. Niliumia kwa ajili yake, kwa kuwa daftari la dakika tano lingemwokoa. Chora mpaka kuzunguka mashine nzima. Nini kinaingia? Hakuna. Nini kinatoka? Stima ya kuwasha taa, pamoja na joto la msuguano na la nyaya, ambalo utalihisi ukiigusa mota. Kutoka kupo na kuingia hakupo. Basi ama kuna betri iliyofichwa inayoisha, ama haitawaka.

Kisanduku cha ukutani usibishane nacho kwa maneno. Kiletee birika. Lita moja ya maji kwa nyuzi 28, kila kitu kingine kimezimwa, hesabu mimweko hadi swichi iruke. Acha birika lipoe kabisa, tia maji mapya yenye nyuzi zile zile, chomeka kisanduku, hesabu tena. Tulipofanya hivyo Bombolulu tulipata 101 bila kisanduku na 101 nacho. Ukifanya kwako, rudia mara tatu kila upande, kwani mita inaweza kutofautiana kwa mmweko mmoja au miwili, kisha mpelekee muuzaji daftari lenye tarakimu zako umwombe akuonyeshe mahali ambapo maji yalikubali kuchemka kwa chini ya kilojouli 302.